Siku ya kurudi nayo ihesabiwe

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama na watoto wenye kutungojea nyumbani, konje ina siku moja yenye hakuna mkubwa wa kazi anaiandika: ile siku ya kurudi. Siku zingine tunazijua zote. Siku ya kufika kwa wazazi ku Idjwi, siku ya kuchinja mbuzi, siku ya watoto kuoga ziwani mpaka jua linaingia. Lakini siku ya mwisho tunaipitisha mbio, mizigo kichwani, macho ku saa. Njo siku yenye inatuua, na wakati umefika sendika iisemee.

Tuangalie vile inapita. Sikukuu inaisha siku ya Mungu. Kesho yake watoto wanarudi masomo, mama anarudi sokoni, na mchimbaji anatakiwa ku shimo asubuhi mapema. Asipoonekana, nafasi yake ku ekipe inapewa mwingine. Kwa hiyo wenye kutoka Idjwi na Minova kurudi Goma, na wenye kutoka Goma kwenda Kalehe, ku mashimo ya Nyabibwe na Numbi, wote wanataka kuvuka siku moja. Boti ni ile ile ya katikati ya juma, lakini leo inabeba watu, ndizi, nanasi, mifuko ya makala, kuku na magodoro. Mwenye boti anaita: "Ingia tu papa, nafasi iko." Na papa anaingia, mtoto ku magoti.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilitoka Minova, ikazama karibu na bandari ya Kituku, hapa kwetu Goma. Haikuwa usiku wala katikati ya ziwa. Ilikuwa mchana, wakati wa kufika, na watu ku bandari waliona kwa macho yao. Mwaka ule vita ilikuwa imekata barabara ya Goma kupitia Sake mpaka Minova, ziwa likabaki njia ya wote. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza maiti 78, kisha hesabu zikabadilika. Watu walikuwa wengi kupita kipimo cha boti, na familia ndizo zilizunguka kutafuta watu wao.

Haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2019 boti ingine ilizama upande wa Kalehe. Rais Félix Tshisekedi alisema watu 150 hawaonekani, akafika kule yeye mwenyewe, na jile ya kuokoa maisha ikatangazwa lazima kwa kila abiria. Jirani zetu wa Tanzania nao walilia. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka ku Ziwa Viktoria, kikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Ilikuwa siku ya soko, na wengi walikuwa wanarudi kwao.

Kuko watu wenye kusema: abiria ni wajinga, wanajiua wenyewe. Mimi sikubali. Sisi wachimbaji si watu wa kufundishwa hatari. Ku shimo, mtu akiona miti ya kushikilia udongo imeoza, haingii. Mvua ikinyesha usiku kucha, tunakaa inje mpaka mwenye kujua udongo aangalie kwanza. Kijana akitaka kuingia kwa nguvu, wazee wanamvuta ku shati, na hakuna anayewaita waoga. Sasa juu ya nini mtu huyo huyo, mbele ya boti yenye maji yanakaribia kuingia, ananyamaza na kupanda? Hakupoteza akili. Iko na hesabu moja kichwani: nikichelewa siku moja, kazi imekwisha. Ku shimo, kukataa hatari kunalinda ekipe. Ku bandari, kukataa hatari kunakunyima mkate.

Ni kweli, serikali iko na kazi yake. Wakubwa wa bandari wahesabu watu, wazuie boti yenye imejaa, jile zikaguliwe zisiwe matambara ya kuonyesha polisi tu. Tutaendelea kuyadai hayo. Lakini kuko mambo yenye hayangoji Kinshasa, yako mikononi ya wenye mashimo, ya kooperative na ya sisi wenyewe.

La kwanza: mchimbaji mwenye kuvuka ziwa apewe siku moja ya njia juu ya konje yake. Wengine warudi siku ya Mungu, wengine kesho yake. Ekipe zikipangwa hivyo, watu hawatarundikana ku boti moja.

La pili: mtu mwenye kukataa kupanda boti yenye imejaa asipoteze nafasi yake. Atume habari kwa simu kwa mkubwa wa ekipe, na mkubwa aiandike. Kama mtu anadanganya, tutamjua, maana ku bandari kila siku kuko watu wetu.

La tatu: kila msafiri ajiandikishe jina kabla ya kuondoka, na mtoto pia, hata wa mgongoni. Kwa mwenye mkataba na kampuni, mwenye kuandikwa CNSS, ajali ya njia ya kwenda na kutoka kazini inaweza kuhesabiwa kama ajali ya kazi. Lakini bila karatasi, mjane atasema nini? Na kwa mchimbaji wa mkono, mwenye hana CNSS, lile jina ku orodha njo ushahidi peke yake kwamba alikuwa mule.

Najua wenye mashimo watajibu: siku moja bila mtu ni madini yenye kupotea. Basi tuhesabu pamoja. Mchimbaji akizama, ekipe inasimama siku za matanga. Tunachanga pesa ya sanduku, ya chakula, ya kusafirisha wageni. Kisha tunatafuta mtu mupya mwenye hajajua shimo, na shimo haliwapende wageni. Siku moja ya njia ni bei ya chini kuliko hayo yote, na bado sijahesabu watoto wenye kubaki.

Wengine watauliza: mtu akikosa boti atalala wapi, na pesa ya chakula iko wapi? Swali hili ni la kweli, maskini hana pesa ya kungoja. Njo maana naomba kooperative ziweke kidogo ku kasha kwa ajili ya wenye kubaki bandarini. Na ndugu wa Minova, Kalehe na Idjwi, mgeni akirudi jioni na mizigo yake, msimcheke kwamba ameogopa maji. Mpeni mkeka.

Kwenu mama, nina neno moja. Mara nyingi nyinyi njo mnaona mbele yetu kwamba boti imejaa, na sisi wanaume tunasema: "Nyamaza, tutafika tu." Msinyamaze. Mtoto avae jile ya kipimo chake kabla hamjakaa. Kama hakuna, shukeni wote. Mwanaume mwenye kuona bibi na watoto wako inje, naye atashuka.

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480. Hakuna shimo letu lenye linafika huko. Ku mashimo yetu tulikubaliana kwamba hakuna kuingia bila miti mizuri, na sheria hiyo hatukuletewa na mtu, tuliiweka wenyewe kisha kuzika wenzetu. Konje yenye inakuja, tuiweke nayo ku bandari. Wakubwa wa ekipe, anzeni sasa kuandika nani anavuka na anarudi siku gani.