MASHUA MBILI NA WATU WASIOANDIKWA



Wako wasemao kwamba vita ya 1914 hadi 1918 ilikuwa shauri la Ulaya. Sisi twasema sivyo. Vita ile ilipita hapa Katanga, juu ya mabega ya babu zetu.

Mwaka 1915 meli za Wajerumani zilitawala Ziwa Tanganyika. Waingereza wakaleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja mita 12 hivi, mkubwa wao Geoffrey Spicer-Simson. Kutoka Cape Town zilipanda treni, zikapita Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, hata Fungurume, reli ilipokoma. Kutoka hapo zilivutwa kwa mashini za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu, zikavuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zaidi ya kilomita 200. Kisha treni tena, mto Lualaba, na ziwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe Graf von Götzen. Iliopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Meli zote hizo zina majina. Mkubwa alipata nishani. Lakini wanaume waliokata njia porini na kujenga madaraja zaidi ya 100, na wanawake waliobeba maji vichwani mashini zilipokauka, vitabu vyawaita "wapagazi", basi.

Sisi tu makarani wa mgodi. Twajua nguvu ya daftari: asiyeandikwa halipwi, na akiumia hana wa kumdai. Kibarua wa siku anaujua uchungu huo hata leo, katika nchi ileile ya Fungurume ambayo shaba na kobalti yake yapita barabarani mchana na usiku.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Walimu na wazee wa vijiji vya njia ile wakusanye majina yanayokumbukwa bado na wajukuu, yachongwe juu ya jiwe pale Fungurume. Na kila kibarua anayeingia mgodini leo aandikwe jina lake kamili, siku ya kwanza, kabla hajashika sururu.

Ndugu, kuwaheshimu wafu na kuwaacha walio hai bila jina ni kazi nusu. Tuzifanye zote mbili.