Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nasaha kwa Anayevuka Kwenda Ukerewe kwa Mara ya Kwanza

Aliyesimama juu ya mawe ya Igogo huliona ziwa limetanda chini yake, na vyombo vikiingia na kutoka katika Ghuba ya Mwanza. Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, ni mwendo wa saa chache kwa meli. Hata hivyo, wapo waliozaliwa na kukulia hapa ambao hawajawahi kukanyaga Nansio. Siku wanapoamua kwenda, iwe kwa harusi, msiba, biashara au matembezi, nasaha wanazopewa huwa za nauli, nyumba ya kulala wageni na mahali panapopatikana sato mzuri. Nasaha hizo zina manufaa yake. Lakini kwa maoni yangu kama daktari, lililo kubwa huachwa, nalo ni maji. Maji ndiyo yanayompeleka mgeni kisiwani, na maji hayo hayo yaweza kumrudisha mgonjwa, au kumzuia asirudi kabisa.

Tuanze na kuvuka. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara kikitokea Bugolora. Waliofariki walizidi 220. Msomaji alinganishe namba hizo mbili, kisha aamue mwenyewe. Chombo kilichojaa hakiongezewi mtu, hata kama mtu huyo ni wewe na msiba ni wako. Ukipanda, uliza jaketi okozi zilipo. Katika boti ndogo na mtumbwi, livae kabla ya kuondoka, na mtoto apatiwe linalomtosha. Dhoruba za ziwa hili huchachamaa zaidi usiku na alfajiri. Basi nahodha anayesema tungoje kukuche, asibishiwe. Asiyependa safari ndefu ya maji anaweza kupita barabara ya Bunda hadi Kisorya, kisha akavuka mlango mwembamba wa maji hadi Rugezi.

La pili ni kuoga. Mgeni akifika ufukweni mchana wa jua kali, maji yametulia, watoto wanacheza humo, mwili wake humtuma ajitose. Wakati huo ndio wa hatari. Konokono wadogo wanaoishi kando ya maji, penye majani na matope, huachia mabuu ya kichocho kunapokuwa na mwanga wa jua, na hasa saa za mchana. Mabuu hayo hayaonekani kwa macho. Hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote ndani ya dakika chache, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemewa. Maji safi kwa macho si lazima yawe salama kwa ngozi. Mgeni na aoge maji ya bomba au ya kisima. Kama hakuna ila ya ziwani, yachemshwe kisha yapozwe, au yakae siku mbili katika chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, kwa maana mabuu hufa yasipompata mtu. Ya kunywa yachemshwe kila mara. Tena aulize wenyeji habari za mamba na viboko, kwa sababu wao ndio wanaozijua kona zao.

La tatu ni kukumbuka. Mtu aliyeoga ziwani anaweza kurudi nyumbani mzima, akasahau kabisa. Kisha, kati ya wiki ya pili na ya nane, akapata homa, kikohozi, vipele vinavyowasha na maumivu ya tumbo. Atapimwa malaria, na ni haki apimwe, kwa kuwa ukanda wetu wa ziwa una malaria nyingi na chandarua ni lazima kwa kila anayelala kisiwani. Malaria isipoonekana, mara nyingi hudhaniwa homa ya matumbo. Maneno mawili tu yangemsaidia tabibu: "Nilioga ziwani." Ataje na tarehe. Tarehe ni muhimu kwa sababu mayai ya kichocho hayaonekani kwenye choo kikubwa katika wiki za mwanzo, na dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa kuliko michanga. Anayemeza dawa jioni ya kurudi kwake, akajihesabu amepona, anajidanganya. Na apimwe na kutibiwa tena baada ya wiki sita hadi nane.

Najua jibu nitakalopewa: wenyeji huoga humo kila siku, na wako hai. Jibu hilo lina kasoro. Kwanza, mwili usiowahi kukutana na ugonjwa huu aghalabu ndio unaopata homa kali ya mwanzo. Pili, wenyeji nao wanaugua, ila kwao ugonjwa huenda taratibu. Mayai hukwama kwenye ini mwaka baada ya mwaka, ini likapata makovu, bandama ikavimba, tumbo likajaa maji, na mwisho mishipa ya umio ikapasuka, mgonjwa akatapika damu. Hayo hayatokei Ukerewe tu. Anayechota maji au kufulia nguo kando ya ziwa upande huu wa Mwanza anakutana na mdudu yule yule.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni naye anaweza kuwa mwenye ugonjwa. Kichocho huingia ziwani kwa kinyesi cha mtu, hakina njia nyingine kubwa katika mwambao wetu. Mgeni anayejisaidia kando ya maji kwa sababu choo kiko mbali huwaachia wenyeji zawadi mbaya. Anayetafuta choo, na kumdai mwenye nyumba ya wageni choo safi na maji ya kuogea, amemsaidia mwenyeji kupona, kwa kuwa choo hicho hubaki yeye akishaondoka.

Lakini si haki mzigo huu wote uwekwe juu ya msafiri. Watoto wa shule hugawiwa prazikwanteli kwa kampeni za serikali, na ni jambo jema. Ila dawa peke yake haimzuii mtu kuingia tena kwenye maji yale yale kesho yake. Napendekeza yafuatayo. Kila gati na kila kivuko viwe na ubao wenye maandishi ya Kiswahili unaosomeka kama ule wa nauli, ukieleza jaketi okozi, maji ya kuogea, chandarua na dalili za kumpeleka mtu hospitali. Kila nyumba ya wageni mwambaoni iwe na pipa la maji lenye mfuniko. Na sisi matabibu, kila tunapompokea mwenye homa, tumuulize alivuka lini na alioga wapi, kabla hatujaandika dawa.