Kanisa linahesabu wanaoingia. Wanaotoka je?

Mwezi uliopita nilipata kazi ya video kutoka kwa kanisa nililolelewa. Kanisa linatimiza miaka 20 na wazee wanataka video ya dakika tano ya kuonyesha siku ya sherehe. Mnajua video za aina hiyo. Picha ya zamani, watu wachache wamebanana sebuleni kwa mtu. Halafu tenti. Halafu mabati. Halafu jengo la mawe, kinanda kinapanda pole pole, kwaya inaingia, Mungu ametenda. Nimeshatengenezea makanisa mengine kadhaa, hata najua ni sekunde gani akina mama watatoa leso.

Hapo ndani sikuwa nimekanyaga karibu miaka miwili. Nilienda kwa sababu ya kazi, na kwa sababu mamangu bado ni mshirika na nikikataa ningesikia mpaka Krismasi.

Pasta alikaa mbele ya kamera akanipa nambari zote bila kuangalia karatasi. Walianza watu 9 nyumbani kwake Kayole. Sasa ni ibada mbili kila Jumapili. Anajua wamebatizwa wangapi, anajua viti ni vingapi, anajua ploti ya pili imebaki malipo mangapi. Nikamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye orodha ya wazee.

"Na wale waliotoka, Pasta? Ni wangapi?"

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Zima hiyo kitu kwanza, kijana wangu."

Nikazima. Nitakayosimulia hapa amenipa ruhusa, bora nisitaje jina lake wala la kanisa.

Alianza na waliokufa, kwa sababu hao ndio rahisi kuwataja. Akanikumbusha 2020. Makanisa yalifungwa Machi, na mazishi yakawekewa sheria ya watu 15 pekee. Alizika watu aliowabatiza mwenyewe, amesimama na barakoa, hakuna kwaya, hakuna kukaa na wafiwa usiku, unaomba haraka unaondoka. Julai serikali ikaruhusu ibada tena, lakini watu wasizidi 100, saa moja tu, na kama umepita miaka 58 au hujafika 13, kaa nyumbani. Fikirieni hiyo sheria kwa kanisa letu. Wenye miaka 58 na kwenda juu ndio walikuwa mizizi. Ni wale nyanya wa maombi ya alfajiri, wanaokuja kabla bawabu hajafungua geti. Waliambiwa wakae nyumbani wakakaa. Masharti yalipolegezwa, wengine walikuwa wameenda ushago, wengine magoti yamekataa, na wengine walikuwa wamezoea redio. Pasta anasema hakuna Jumapili hata moja aliyosimama akasema, jamani, hawa hawajarudi. Tulisema kanisa limefunguliwa, tukapiga makofi.

Halafu akataja msaidizi wake. Wakubwa mtamkumbuka, sitasema zaidi. Aliondoka akaanza huduma yake mtaa wa pili na akaenda na watu wengi, wakiwemo wanakwaya karibu wote. Wazee walisema usimtaje madhabahuni, na kwa miaka mingi hakumtaja. "Nilikuwa nimemlea kama ndugu yangu," akaniambia. "Mtu akifiwa tunampelekea unga na sukari. Mimi siku hiyo sikuletewa hata kikombe cha chai. Jumapili ikafika nikahubiri juu ya ushindi."

Mwisho akaja kwa wale wanaopotea kimya kimya. Hapo akaniangalia.

Wacha niwaeleze mimi nilitoka vipi, ndio mwelewe kwa nini hiyo macho ilinichoma.

Hii kazi ninayofanya nilijifunzia kanisani. 2020 nilikuwa na miaka 16, na milango ilipofungwa Pasta alikuja kwetu akauliza kama naweza kushika simu arushe ibada laivu Facebook. Nilishika simu. Mkono ukichoka naiegemeza kwa Biblia mbili na mkebe wa Blue Band. Baadaye nikawa kijana wa mitambo ya sauti, kila Jumapili, saa moja asubuhi nimefika. 2023 nilipoitwa chuo kikuu niliitwa mbele, nikawekewa mikono, watu wakasimama wakashangilia. Jina langu likatangazwa pamoja na kozi.

Ule mwaka ndio mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulianza, na mimi niliwekwa kwa kundi ambalo familia yangu haingeweza kulipia. Nilikata rufaa, nikangoja, nikasota. 2024 nikarudi nyumbani na begi. Jumapili ya kwanza nilikaa nyuma. Ya pili pia. Ya tatu sikuenda, na nikangoja simu. Mtu yeyote tu auliza, "Mbona hatukukuona?" Simu haikuja. Kanisa lililotangaza kuenda kwangu kwa spika halikutangaza kurudi kwangu hata kwa kunong'ona.

Sasa Pasta akaniambia kitu ambacho sikutegemea. Alijua. Alijua Jumapili ile ile, kwa sababu mikrofoni ilipiga kelele na hakukuwa na mtu wa kuirekebisha. Alichukua simu akatafuta jina langu. Halafu akafikiria: huyu kijana ana shida ya karo, na mimi niko katikati ya kuchangisha pesa za paa. Nikimpigia nitalazimika kufanya kitu. Akarudisha simu mfukoni.

"Niliogopa karo yako," alisema. Hivyo tu.

Nilikasirika, sitadanganya. Nilikunja vifaa vyangu nikaondoka bila kumaliza chai. Lakini nimekaa na hayo maneno wiki kadhaa, na nimefikia mahali pa kusema ninachoamini.

Shida ya makanisa yetu si kwamba watu wanatoka. Watu watatoka tu. Watahama mtaa, wataoa kwingine, watakosana, watachoka, watakufa. Shida ni kwamba hatuna mahali pa kuweka hiyo hasara. Tuna daftari la waliookoka, daftari la waliobatizwa, la fungu la kumi, la ploti. Daftari la waliotoka halipo. Hata maneno hatuna. Aliyeingia ana majina kumi mazuri. Aliyetoka ana mawili tu: amerudi nyuma, au ana roho ya uasi. Na mtu akifa tunasema amepandishwa utukufuni. Yaani hata kifo tumekiandika upande wa faida!

Na usipohesabu hasara, hujui unakua au unabadilisha watu tu. Kanisa linaweza kuingiza 100 mlango wa mbele na kupoteza 90 mlango wa nyuma, na bado kila mwaka likatoa ushuhuda wa ongezeko. Mwenye kibanda cha mboga anajua hili. Hahesabu sukumawiki zilizonunuliwa pekee, anahesabu pia zilizooza, la sivyo mwisho wa mwezi hana kibanda.

Mfano wa kondoo mia sote tumeufundishwa tangu shule ya Jumapili. Huwa tunashangilia mchungaji alivyoenda porini kumtafuta mmoja. Kitu kinachonishangaza siku hizi ni kilichotangulia. Alijuaje mmoja hayupo? Alikuwa anahesabu, na hakuhesabu ili aripoti kwa mtu kwamba ana mia. Alihesabu kutafuta pengo. Tisini na tisa kwa macho tu wanafanana kabisa na mia.

Kuna wale mtaniambia kizazi chetu hakina uvumilivu, tunataka kubembelezwa, simu ndizo zimetuharibu. Sawa, iko ukweli hapo kidogo. Lakini angalieni 2024. Baada ya maandamano ya Juni vijana walianza kuuliza makanisa maswali magumu kuhusu pesa za wanasiasa, na Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likatangaza kurudisha mchango ambao Rais alitoa katika parokia ya Soweto. Mtu ambaye hajali kanisa hasumbuki kuuliza pesa ya madhabahu imetoka wapi. Wengi wetu tuliotoka hatukutoka kwa Mungu. Kwa sensa ya 2019 waliosema hawana dini walikuwa 755,750, kama asilimia 1.6 ya Wakenya wote. Mimi siko kwa hiyo idadi. Mamangu alijibu karani kwa niaba ya nyumba nzima, na hata leo ukiniuliza nitasema ni Mkristo. Kwa vitabu vya serikali niko kanisani. Kwa kiti sipo. Tuko wengi hapo katikati na hakuna anayetuhesabu.

Mwingine ataniambia, kwa hivyo unataka kanisa lifuate watu mpaka kwao, liwashike mashati? Zii. Hiyo ni hatari kubwa zaidi. 2023 tuliona Shakahola, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni Kilifi. Kanisa ambalo mtu hawezi kutoka ni gereza. Ninaongelea kanisa ambalo mlango uko wazi, unaweza kutoka, na ukitoka mtu anaona.

Na hapa nimsimamie Pasta kidogo, hata kama yeye ndiye alirudisha simu mfukoni. Tunamtaka awe na ushuhuda kila wiki. Akisema idadi imepungua, wazee wanauliza kama anaomba vya kutosha. Akisema amechoka, tunahama kwa pasta ambaye hachoki. Sisi washirika ndio tulimfundisha kuhubiri ushindi siku aliyovunjika. Mtu asiyeruhusiwa kulia kwa waliotoka ataishia kuwaogopa. Ataona jina lako kwa simu aone bili.

Kwa hivyo nilimwandikia mambo manne, na nayaweka hapa kwa pasta yeyote anayesoma.

Anza daftari la pili. Jina, tarehe ya mwisho kuonekana, na sababu kama unaijua. Kama huijui, andika hujui.

Mtu akikosa Jumapili tatu, apigiwe na mtu mmoja anayemjua, asiulizwe sadaka na asipewe mahubiri. "Uko sawa?" inatosha. Na kama ana shida ya karo na hamna pesa, mwambieni hamna pesa. Mimi sikungoja karo. Nilingoja kuulizwa.

Anayehamia kanisa lingine, mwekeeni mikono kama mnavyomwekea anayeenda chuo. Aage, ale chakula, aende na baraka. Hatakuwa adui wenu akikutana nanyi stejini.

Na siku ya kuhesabu ongezeko, hesabuni na hasara. Mbele ya watu wote.

Pasta alipenda hilo la mwisho. Alitaka dakika moja kwenye video, majina tu, bila kinanda. Wazee wakakataa. Walisema siku ya sherehe si siku ya matanga. Kazi ni yao, pesa ni yao, nikaediti walivyotaka. Tenti, mabati, jengo la mawe, kwaya. Ni video nzuri, na mamangu amelia sekunde ile ile niliyotegemea.

Lakini Jumanne iliyopita Pasta alinipigia. Nilidhani ni mambo ya malipo. Kumbe alikuwa anatafuta nambari za vijana wawili tuliokuwa nao mitambo, mmoja alitoka kabla yangu na mwingine baada yangu. Nikamtumia. Jioni akapiga tena kuniambia yaliyotokea. Wa kwanza alimwambia amekosea nambari, akakata. Wa pili waliongea dakika arobaini.

"Huyo aliyekata," akaniuliza, "nimpigie tena ama nimwache?"

Nilimwambia amwache kwa sasa, lakini asimfute kwa daftari.

Mimi bado sijarudi, na sitawaahidi kitu. Lakini chai niliyoiacha nilienda nikaimaliza. Kama wewe pia ulitoka mahali na ulingoja simu, niambie uliingoja muda gani. Na kama kuna mtu alikuwa anakaa karibu na wewe Jumapili na siku hizi humwoni, usingoje pasta. Nambari yake unayo.