Pasta, Shida Si Matope. Shida Ni Kisu cha Lazima

Wasee wa Bungoma na Kitale, Agosti ya mwaka shufwa mnaijua. Chinyimba zinalia kutoka Kimilili hadi Kiminini, vijana wanazunguka kualika wajomba, alfajiri ni mtoni kupakwa matope, halafu sioyaye njia yote hadi nyumbani.

Na mnajua kile kinaendelea kanisani Jumapili za Julai. Pasta anasimama, anafuta jasho, anaanza: matope ni ya shetani, chinyimba ni za mizimu, huo wimbo una mapepo. Kuna makanisa yanatishia kumtenga mzazi yeyote atakayempeleka mtoto mtoni.

Kila msimu mahubiri ni yale yale. Na kila msimu kuna kitu kimoja hakiguswi kabisa: yule jamaa Mturkana, Mteso ama Mjaluo anayekamatwa na umati, anavuliwa nguo barabarani na kukatwa kwa nguvu huku watu wakiimba na wengine wakirekodi na simu.

Usiniambie ni hadithi. Agosti 2014, Moi's Bridge, hapo tu kwa barabara ya Kitale kwenda Eldoret, zaidi ya wanaume kumi walikamatwa wakatahiriwa kwa lazima. Wengine walijificha kuogopa kukamatwa. BBC waliiandika, dunia ikaisoma. Sisi huku tulicheka. Hadi leo ikifika Agosti, mzaha wa kwanza stage ya boda ni "huyu bado hajakatwa, tumshike?"

Mimi nasema hivi: kanisa la huku limechora mstari mahali pabaya. Linapigana na matope, linanyamazia kisu cha lazima. Na kabla mtu aseme naongea hivi juu naogopa kisu, mimi ni Mbukusu na nilisimama 2016. Chuo sikumaliza, theolojia sijasoma. Lakini Biblia iko kwa Kiswahili, na Kiswahili najua kusoma.

Sasa tuifungue.

Mwanzo sura ya 34. Shekemu amemnajisi Dina, binti ya Yakobo, halafu anataka kumuoa. Ndugu zake Dina wanajifanya wamekubali, ila kwa sharti: wanaume wote wa mji watahiriwe. Wanakubali. Siku ya tatu, wakiwa bado na maumivu, Simeoni na Lawi wanaingia na panga na kuwaua wote. Alama ya agano la Mungu, ile Ibrahimu alipewa, imegeuzwa mtego wa kulipiza kisasi. Yakobo anawakemea hapo hapo, na hata akiwa kitandani anakufa, sura ya 49, bado analaani hasira yao. Makosa ya Shekemu yalikuwa ya kweli. Lakini hayakufanya kile kisu kiwe kitakatifu.

Umewahi kusikia hiyo sura ikihubiriwa Julai? Mimi bado.

Twende Matendo ya Mitume, sura ya 15. Kanisa la kwanza linapata kesi yake kubwa, na kesi yenyewe ni nini? Ni tohara. Watu wametoka Uyahudi wanawaambia Wakristo wa Antiokia kwamba bila kutahiriwa hawawezi kuokolewa. Paulo na Barnaba wanapinga, wanaenda Yerusalemu, kikao kinakaa, Petro anaongea, Yakobo anaongea. Uamuzi ukatoka kwa barua: hao watu wa mataifa msiwawekee huo mzigo. Yaani mkutano mkubwa wa kwanza wa kanisa uliitwa juu ya kitu ambacho sisi huku tunakifanyia mzaha stage.

Na sasa sikiza hii, juu hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mara tu baada ya huo uamuzi, sura ya 16, Paulo anamtahiri Timotheo. Mamake Timotheo ni Myahudi, babake Mgiriki, na Paulo anataka atembee naye kati ya Wayahudi bila vurugu. Lakini ukisoma Wagalatia sura ya 2, yule yule Paulo anajigamba kwamba Tito, ambaye ni Mgiriki, hakulazimishwa kutahiriwa, na kwamba waliokuwa wanasukuma hiyo maneno hakuwapa nafasi hata saa moja.

Mtu ni yule yule. Kisu ni kile kile. Mmoja akatahiriwa, mwingine akakataliwa. Ukiuliza tofauti ni nini, ni neno moja: lazima. Paulo hakuwa na shida na desturi ya watu. Shida yake ilikuwa pale desturi inapogeuzwa rungu la kupima nani ni mtu kamili na nani si mtu.

Ndio maana katika sura hiyo hiyo anamkemea Petro mbele ya watu. Kosa la Petro? Alikuwa anakula na wasiotahiriwa, lakini wageni walipofika akatoka mezani kimyakimya asionekane nao. Hiyo tu. Kutoka mezani. Sasa sisi ambao tunamwambia mtu hawezi kuwa mzee wa kanisa, hawezi kuoa binti yetu, hawezi kusimama kiti cha udiwani juu ni omusinde, Paulo angetuambia nini?

Na hii si maneno ya kijijini pekee. Kenya nzima imeionja. Neno "kihii" limerushiwa wanasiasa Waluo miaka na miaka, watu wanacheka kwenye mkutano. Halafu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wanaume Waluo wakashikwa Naivasha na Nakuru na kukatwa kwa nguvu. Tume ya Waki iliandika. Januari 2012 majaji wa ICC, walipothibitisha mashtaka katika moja ya kesi za Kenya, waliiweka hiyo tohara ya lazima ndani ya vitendo vya kinyama. Kesi yenyewe ikafa, hakuna aliyehukumiwa. Lakini angalia njia ilivyokuwa. Kwanza tusi. Halafu kicheko. Halafu panga. Mzaha wa stage uko hatua ya pili.

Katiba nayo imeweka wazi. Kifungu cha 44 kinakupa haki ya utamaduni wako, na hapo hapo sehemu ya 3 inasema huwezi kumlazimisha mtu mwingine kufuata ama kufanyiwa desturi yoyote. Kwa hivyo ile "hii ni ardhi yetu, hii ni mila yetu" haikusaidii kortini. Na kama umesoma Wagalatia, haikusaidii kanisani pia.

Najua mtasema nini.

Kuna mwenye atasema, "Unauza utamaduni wetu." Buda, mimi ndiye naulinda. Mila ya Babukusu inasemaje? Kijana anaomba mwenyewe. Anazunguka na chinyimba wiki nzima mchana kweupe, kila mtu ajue ni yeye ametaka. Siku yenyewe anasimama wima, hakuna mtu amemshika, jicho halipepesi. Heshima yote iko hapo, kwamba alikuwa na nafasi ya kukimbia na hakukimbia. Sasa mtu aliyelazwa chini na wanaume kumi amesimama wapi? Hiyo si khuminya. Hiyo ni kumjeruhi mtu, halafu unaimbia wimbo wa mababu juu yake. Wazee wangepaswa kukasirika kuliko mimi.

Mwingine atasema, "Lakini huko mtoni kuna ibada za mizimu, pasta ana haki kuonya." Sawa, ana haki. Paulo pia alikutana na nyama iliyotolewa kwa sanamu, Wakorintho wa Kwanza sura ya 8 na ya 10, na hakufunga soko lote la nyama. Alifundisha watu dhamiri: kula hiki, kile kikikusumbua ama kikimwangusha ndugu yako, acha. Pasta, fanya hivyo. Mfundishe kijana kukataa tambiko ama pombe kama imani yake inakataa. Mwenye anataka hospitali aende hospitali, na asichekwe. Mwenye anataka mto aende mto, na asitengwe. Lakini usitumie Jumapili nne kwa matope na usipate dakika moja ya mtu anayevuja damu barabarani.

Na kuna wale wa "hao ni wahuni wa stage, kanisa halihusiki." Kwani hao wahuni walibatizwa wapi? Mamake yuko chama cha akina mama, dadake yuko kwaya, yeye mwenyewe Krismasi anakuja na suti. Wako kwa rejista yenu.

Kwa hivyo wachungaji wa Bungoma na Trans Nzoia, naomba vitu vitatu tu, na havihitaji harambee. Jumapili moja ya Julai, hubirini Mwanzo 34 na Matendo 15. Semeni kwa mdomo, kwa majina: Mturkana, Mteso, Mjaluo, hawa ni ndugu, mkono usiwaguse. Na ikitokea, kanisa liwe la kwanza kumficha anayekimbizwa na la kwanza kumpeleka aliyeumizwa hospitalini na polisi, hata kama aliyeshika kisu ni mtoto wa mzee wa kanisa.

Nanyi wasee wa rika langu, msingojee pasta. Siku utasikia "tumshike," wewe ndiye uko hapo, si askofu. Weka simu chini, simama katikati. Ulisimama mbele ya kisu ukiwa mtoto na hukupepesa jicho. Mbele ya marafiki zako utashindwa?