Dudu Liumalo Lina Jina

Wahenga walituachia usia: dudu liumalo usilipe kidole. Usia huo humfaa mtu anayelijua dudu lenyewe. Asiyelijua atalipa kidole leo, atalipa tena kesho, na mwisho wa msimu atakuwa amelipa ghala zima.

Miezi michache baada ya mavuno nilikuwa nimesimama katika duka moja la pembejeo, kwenye soko fulani la Kaunti ya Makueni, alipoingia mama wa makamo. Alifungua pindo la leso yake, akamwaga mezani punje za mahindi zilizotobolewa pamoja na unga mwingi mweupe.

"Mwanangu," akamwambia muuzaji, "nipe dawa ya wadudu."

"Wadudu gani, mama?"

"Wadudu tu. Hawa wanaokula mahindi."

Kijana akageuka, akachukua pakiti iliyokuwa karibu na mkono wake, akapokea fedha. Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu, kazi ya maneno na maana zake, sikusema lolote. Sikusema kwa sababu nami nisingeweza kumtaja mdudu yule kwa jina. Kimya hicho kimenisumbua tangu siku ile, na ndicho kinachonifanya niandike makala haya kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wao.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. "Mdudu" ni miongoni mwa maneno yenye mzigo mkubwa kupita kiasi katika Kiswahili. Nyuki ni mdudu, na kupe ni mdudu ingawa ana miguu minane. Kijidudu kisichoonekana kwa macho ni mdudu. Uvimbe wenye usaha kwenye ncha ya kidole huitwa mdudu. Hata virusi vya UKIMWI vilipokuwa havitajwi hadharani, watu walinong'ona kwamba fulani "ana mdudu". Lugha zote huwa na maneno mapana ya namna hii, wala si kosa. Kosa huanza pale neno pana linapobaki peke yake, na maneno mahususi yakasahauliwa.

Nilizichukua punje chache za yule mama, nikampelekea mwenzangu afundishaye elimu ya wadudu. Hakuhitaji hata kuketi. "Huyu ni dumuzi," akasema. "Huyu si fukusi." Akanionyesha tofauti. Fukusi ana pua ndefu kama mkonga. Dumuzi hana pua hiyo. Kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, na sehemu yake ya nyuma ni kama imekatwa kwa kisu. Fukusi hutoboa punje. Dumuzi huisaga ikawa unga, na asipopata mahindi huweza kutoboa hata miti iliyojengea ghala. Hupenda zaidi mahindi yaliyo kwenye gunzi, na ndiyo maana mkulima hushauriwa kuyapukuchua mapema.

Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora, Tanzania, mwaka 1981, na kufikia mwaka 1983 alikuwa amevuka mpaka na kuingia Kenya kupitia Taveta, kisha akaenea hadi Ukambani. Watanzania walimwita "Scania", kama lile lori kubwa. Hapa kwetu baadhi ya wakulima humwita "Osama". Majina hayo yana ucheshi wake, na yanaonyesha jinsi wakulima walivyomwogopa. Lakini "Osama" halimwelezi mkulima chochote kuhusu umbo la mdudu, wala mwenendo wake, wala dawa yake.

Na dawa ndiyo kiini cha jambo hili. Kiuadudu kinachomuua fukusi vizuri, kwa mfano pirimifosi-methili, hakimwangamizi dumuzi ipasavyo. Dumuzi hudhurika zaidi na dawa za jamii ya pairethroidi, kama vile permethrini, nazo kwa upande wao hazimtoshi fukusi. Kwa sababu hiyo wataalamu walichanganya dawa hizo mbili katika unga mmoja, ambao wakulima wengi waliujua kwa jina la Actellic Super. Pakiti aliyouziwa yule mama ilikuwa na dawa moja tu, ile ya fukusi. Alilipa fedha halali, akaenda nyumbani na matumaini, akanyunyiza. Chakula cha wanawe kiliendelea kugeuka unga ndani ya gunia kwa sababu ya neno moja lililokosekana dukani, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kando.

Mfano wa pili ni wa maembe, zao ambalo Makueni inasifika kwalo nchini kote. Mkulima hupasua embe lililoiva, akakuta ndani yake viumbe vyeupe vinajinyonganyonga. Husema, "Lina funza," akalitupa chini ya mwembe. Neno "funza" nalo limebebeshwa mengi. Funza ni yule aingiaye katika nyayo za watoto wetu; funza ni kiwavi cha pamba; funza ni buu la ndani ya tunda. Yule wa embe ni mtoto wa nzi wa matunda, na aliyetusumbua zaidi miaka hii ni nzi kutoka Asia aliyegunduliwa hapa Kenya mwaka 2003. Mama nzi hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Buu likishakua hujidondosha, huingia udongoni, na baada ya muda huibuka likiwa nzi kamili. Basi anayelitupa embe lile chini ya mwembe amewalea nzi wa msimu ujao kwa mkono wake mwenyewe. Angelijua kwamba funza huyo ana mama mwenye mbawa, angeliyaokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia kwenye shimo refu. Gharama ya kutojua haikuwa ndogo: mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika soko la Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na biashara hiyo haikufunguliwa tena hadi mwaka 2021.

Msomaji asidhani kwamba madhara yanakoma kwenye ghala na shamba. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, Kitui ilikumbwa na homa ya kalaazar, ugonjwa unaovimbisha wengu, unaomkondesha mtu, na unaoua asipotibiwa. Jina lenyewe linatoka Bara Hindi, na maana yake ni ugonjwa mweusi. Baadaye watafiti waliochunguza maisha ya wanavijiji waliuhusisha ugonjwa huo na vichuguu vya mchwa. Mchwa hawakuwa na hatia. Ndani ya matundu ya vichuguu alijificha usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, arukaye kimya, ambaye hutoka jioni kutafuta damu; na jioni ndipo wanaume walipozoea kuketi karibu na vichuguu wakizungumza. Anayesema "niliumwa na mdudu" hajasema kitu. Anayesema "niliumwa na usubi kichuguuni" amempa daktari nusu ya habari anazozihitaji.

Sisi Waswahilishaji wa mambo tuna hazina ya maneno tunayoiacha ikapata kutu. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na kufika Kitui mwanzoni mwa 2020, wengi wetu tulikuwa na neno moja tu, nzige. Ilhali Kiswahili kina "tunutu", yaani nzige wachanga wasioota mbawa. Tofauti hiyo ina manufaa makubwa, kwa kuwa tunutu hutembea ardhini na huweza kuangamizwa kwa urahisi zaidi kabla hawajaruka.

Wenzetu wa Tanzania wametupa funzo jingine. Mwaka 2004 Ukambani ulipata msiba mkubwa: katika mkurupuko ulioathiri hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu, na punje iliyotobolewa na wadudu huifungulia kuvu mlango. Tanzania huiita sumu hiyo "sumukuvu". Neno hilo moja limebeba onyo na sababu kwa pamoja. Mtoto wa darasa la nne akilisikia ataelewa kuwa kuvu ina sumu. Akisikia "aflatoksini" itambidi akariri.

Atatokea msomaji wa kuniuliza: je, jina litamuua dumuzi? Mkulima anahitaji fedha za dawa, na mifuko isiyopitisha hewa, na afisa wa kilimo wa kumtembelea. Nakubali yote hayo. Jina peke yake halijapata kuua hata sisimizi. Lakini fedha bila jina ndizo alizozipoteza yule mama, na afisa anayekuja mara moja kwa mwaka hawezi kumsaidia mtu asiyejua amwulize nini.

Wengine watasema kwamba majina hayo ni kazi ya wataalamu. Tukumbuke kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa wadudu, icipe, iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, iliyaita makao yake ya Nairobi "Duduville". Mwanasayansi wa Kiafrika hakuona haya kuiweka lugha ya mtaani kwenye lango la maabara. Itakuwa ajabu sisi walimu wa lugha tukiona haya kuipeleka maabara darasani.

Ombi langu ni dogo. Kila shule ya Kitui na Makueni iwe na sanduku la wadudu. Mwanafunzi alete fukusi, dumuzi, nzi wa matunda, kupe, mchwa na nyuki, maana wamo pia wadudu wanaotulisha, na asali ya Mwingi ni shahidi. Kila mdudu aandikiwe jina la Kikamba, la Kiswahili na la kisayansi, na chini yake sentensi mbili za Kiswahili sanifu: anaishi wapi, anafanya nini. Jina la Kikamba mwanafunzi akalitafute kwa nyanya na babu yake, ambao waliwajua wadudu hawa kabla shule haijajengwa. Mwalimu wa Kiswahili akae na mwalimu wa kilimo, wasahihishe pamoja. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Kiswahili kimetupa neno "funza" kuwa mdudu, na "funza" kuwa kitenzi cha kuelimisha. Wa kwanza tunaye tele. Tukilitenda la pili, huenda siku moja binti wa yule mama akaingia katika duka lile lile, akafungua leso, na muuzaji atakapomuuliza, "Wadudu gani?", akamjibu bila kusita.