Simu ya uwongo nayo ni ajali: usiifiche



Katika ukurasa huu tunakuambia kila mara: vaa kaski, usipite chini ya mzigo unaoning'inia. Leo tuseme juu ya hatari nyingine, ambayo iko mfukoni mwako. Ni simu ya mtu mwongo anayetafuta feza yako.

Utauliza: jambo hili linamhusu nini muganga? Linamhusu. Mtu aliyepoteza mshahara wa mwezi kwa dakika tano hapati usingizi. Kesho yake anafika kazini, mkono unashika chombo, lakini akili inahesabu deni. Nyumbani anagombana na bibi yake, na dawa ya mtoto hainunuliwi. Tena yule aliyefanya zamu ya usiku, akiamshwa mchana mara tatu na watu asiowajua, anarudi kazini amechoka. Na uchovu ni mama wa ajali.

Zamani mwizi alilazimika kuja mpaka mlangoni. Tangu M-Pesa ilipofika nchini kwetu mwaka 2012, pamoja na huduma nyingine za namna hiyo, feza inaweza kutoka Kalemie mpaka Bendera bila mtu kupanda gari. Ni faida kubwa, hatuikatai. Lakini njia ile ile inayoleta feza, mwongo naye anaipita.

Mwongo huyu ana silaha tatu: haraka, woga na tamaa.

Haraka ni hii: unapokea ujumbe kwamba feza imeingia, kisha mtu anapiga simu. "Nimekosea namba, unirudishie upesi!" Ukitazama vizuri, ujumbe umetoka kwa namba ya mtu wa kawaida, na akiba yako haikuongezeka hata franka moja. Ukituma, umetuma feza yako mwenyewe.

Woga ni mbaya zaidi. "Mtoto wako ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma feza ya operesheni sasa hivi." Huko Kenya na Tanzania wazazi wamepigiwa simu za namna hii. Kwa kuwa sisi sote tunajua kwamba mara nyingi hospitali inadai feza kwanza, uwongo huu unaaminika upesi. Nakuambia kama muganga: dakika mbili za kuuliza hazitamnyima mtoto matibabu. Kata simu. Piga kwa mwalimu ambaye namba yake unayo wewe, au tuma jirani mbio. Usiitumie namba anayokupa mpigaji, maana atakayejibu ni mwenzake.

Tamaa inajulikana: umeshinda zawadi, au kampuni inaandika watu kazi, tuma feza ya dosye. Kijana anakopa, anatuma, anangoja. Kazi haipo, na deni limebaki.

Kuna watu wanaosema: "Aliyedanganywa ni mjinga, acha apate somo." Mimi sikubali. Yule mwongo anafanya kazi hiyo kila siku. Wewe unamjibu mara moja, umechoka au una hofu ya mtoto. Walimu na wakubwa wa ofisi nao wanadanganywa. Tukimcheka aliyeibiwa, atanyamaza. Akinyamaza, namba ile ile itapiga jioni katika nyumba ya pili. Ni kama kapita anayeficha jeraha dogo la mtu wake: sababu inabaki pale pale, na kesho inamkata mwingine.

Kwa hiyo simu ya uwongo itangazwe kama ajali ya kazi: siku ile ile, bila haya, hata kama hukupoteza kitu. Wambie wenzako wa zamu, wambie mwenye kabini, peleka namba ile kwa kampuni ya simu na polisi.

Lakini mzigo usiachwe kwa mteja peke yake. Nchi yetu ina sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020, na tangu tarehe 13 Machi 2023 ina kitabu cha sheria za mambo ya dijitali. Tunayo pia ARPTC, mamlaka inayosimamia kampuni za simu. Kule ng'ambo ya ziwa, Tanzania, mteja anatuma namba ya tapeli kwa 15040. Kenya, mteja wa Safaricom anatuma kwa 333. Namba fupi ya namna hiyo, moja kwa mitandao yote, iandikwe juu ya kila kabini, Kalemie mpaka Bendera. Na asiuziwe mtu kadi ya simu iliyoandikishwa kwa jina la mwingine, maana hapo ndipo mwongo anapojificha.

Kampuni yetu nayo ibandike tangazo kwamba haiombi feza ya kazi kwa simu. Kila jamaa ipewe karatasi yenye namba ya dispanseri na ya ofisi ya wafanyakazi, ili bibi akiambiwa "bwana yako ameumia" ajue pa kuuliza.

Kumbuka na uwafundishe watu wa nyumbani:

1. Namba ya siri ni kama mswaki: haiazimwi, hata kwa ndugu.
2. Kabla ya kurudisha feza, tazama akiba yako mwenyewe. Kama kweli imeingia kwa makosa, kampuni ya simu ndiyo itakayotengeneza.
3. Simu ikilia mara moja na kukatika, na namba ni ya nchi usiyo na mtu wako, usiipigie. Unite zako zitakwisha.
4. Anayekukataza kumwambia mtu mwingine ni mwongo.
5. Ukidanganywa, sema. Anayesema leo anaokoa mshahara wa mwenzake kesho.

Ndugu, kinga ni bora kuliko dawa. Na dawa ya feza iliyokwisha kutumwa, dispanseri haina.