Herufi mbili, sauti tatu

Katika shule moja ya sekondari pale Kirungu, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni orodha ya maneno yenye herufi "ch": "child", "church", "chair", "chance", "machine", "chemistry". Tukayasoma kwa pamoja, yote kwa sauti ya "sh", kama tulivyozoea katika Kifaransa. Mwenzetu mmoja alisoma tofauti. Alikuwa amekulia kambini Zambia, akarudi na wazazi wake kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba, katika ile miaka ya kuanzia 2007 wakimbizi walipokuwa wakirudishwa. "Chair" aliisoma kwa "ch" ya chai, na "chemistry" kwa "k" ya Kristo. Mwalimu akamkatiza: "Hapa hatuko mu Zambia." Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Tangu siku ile mwenzetu hakuinua tena mkono katika somo la Kiingereza, ilhali ni yeye peke yake aliyekuwa amesoma sawa.

Simlaumu sana mwalimu. Naye alipewa orodha hiyo vivyo hivyo alipokuwa mwanafunzi. Ninachokipinga ni mazoea ya kukusanya maneno ya Kiingereza kwa herufi zake, kisha kudhani kwamba yanayofanana kwa maandishi yanafanana pia kwa sauti. Sisi tunaosoma isimu katika kitivo hiki ndio walimu wa kesho. Tukinyamaza, tutaipeleka orodha ile ile kwa watoto wengine.

Historia yenyewe haina ugumu. "Child", "church" na "cheese" ni maneno ya zamani ya Kiingereza. Hapo mwanzo sauti yake ya kwanza iliandikwa kwa "c" tu. Maandishi ya "ch" yaliletwa na waandishi waliofuata desturi ya Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. "Chair", "chance" na "chief" yalitoka katika Kifaransa cha kale, wakati Wafaransa wenyewe walipokuwa wakitamka "ch" kama sisi tunavyoitamka katika chakula. Baadaye Wafaransa wakaigeuza kuwa "sh", lakini Waingereza wakabaki na matamshi ya kwanza. Maneno yaliyokopwa baada ya mgeuko huo, kama "machine" na "chef", yaliingia na "sh" yake. Na yale yenye asili ya Kigiriki, kama "chemistry", "chorus" na "stomach", husomwa kwa "k".

Kwa hiyo Mfaransa akisoma "chance" kwa "sh" yuko sawa katika lugha yake, na Mwingereza akiisoma kwa "ch" yuko sawa katika yake. Mwenye shida ni mtoto wa Kirungu anayelazimishwa kuifikia lugha ya pili kwa kanuni za ile ya kwanza.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kiswahili, ambacho mtoto huyo anacho tayari, kimekwisha kuzitenga sauti hizi. Tunaandika mashine kwa "sh", kemia kwa "k", na chifu kwa "ch". Tazama hilo neno la mwisho. "Chief" na "chef" ni neno moja la Kifaransa ambalo Waingereza walilikopa mara mbili, katika nyakati mbili. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, lile la kwanza limezaa chifu. Huku kwetu Kongo, kutoka Kifaransa, tunasema shefu. Vivyo hivyo wao wanasema chansi, nasi tunasema shansi. Mvuvi wa Moba na mvuvi wa Karema wakikutana majini wanaelewana bila kamusi, na kila mmoja amebeba mdomoni kipande cha historia ya Kifaransa. Mwalimu akianzia hapo, somo zima la "ch" linaeleweka.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema kwamba mitihani yetu ni ya kuandika, na orodha ya herufi husaidia tahajia. Ni kweli, na sidai orodha ifutwe. Nadai igawanywe. Wapo pia watakaosema kwamba kuingiza Kiswahili katika somo la Kiingereza ni kuwachanganya watoto. Lakini je, Kifaransa hakijawachanganya? Katiba yetu ya mwaka 2006, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inapozitaja lugha nne za taifa inaandika "tshiluba", kwa sababu katika Kifaransa "ch" peke yake haiwezi kubeba sauti ile. Katika Kiswahili inaibeba bila msaada. Na lugha hizo za taifa, sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua kuwa lugha za kufundishia. Kuanzia kwenye kile mtoto anachokijua hakuhitaji ruhusa mpya.

Ombi langu kwa wahadhiri wetu ni dogo: kabla hatujatumwa kwenye mazoezi ya kufundisha, tupewe walau saa moja ya kuzijadili orodha hizi za Kiingereza, "ch", "gh", "-tion" na nyinginezo, kwa sauti zake na kwa asili ya maneno yake. Ombi langu kwa wanafunzi wenzangu ni hili: ukifika darasani, chora ubaoni safu tatu. Juu ya ya kwanza andika chifu, ya pili shefu, ya tatu Kristo. Kisha, kabla ya kusoma neno lolote, uliza kama kuna mtoto aliyewahi kulisikia likisemwa. Huko kwetu yupo karibu kila darasa: aliyerudi kutoka kambini, mwenye shangazi Mpulungu, au anayesikiliza redio za Zambia. Mpe nafasi asome wa kwanza, na wengine wamfuate.